Rasimu Thelathini na Moja

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa mkono wangu mwenyewe, Jumatano saa sita mchana. Nalisema mapema asije mtu akadhani natafuta wa kumsingizia. Nilichofanyiwa baada ya hapo ndicho ambacho mpaka leo sijakisamehe, na sina mpango.

Naitwa Badria. Siku hizo nilikuwa mkutubi wa sekondari moja ya binafsi, pale Upanga inapoishia na Kariakoo kuanza. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Leodegar, alikuwa mzee wa mambo mapya. Shule nyingine zilipokuwa zinawakataza watoto Facebook, yeye aliniita ofisini akaniambia, "Binti, hawa watoto wameshahamia huko. Wafuate na vitabu."

Basi tukafungua peji ya maktaba. Kila Jumatano mchana narusha Kitabu cha Wiki: picha ya mwanafunzi kashika kitabu alichomaliza, na maneno yake mawili matatu. Jamani, watoto walivyopenda kuonekana! Kitabu kimelala rafuni miaka sita hakijaguswa, kikipigwa picha Jumatano, Alhamisi kina foleni mpaka kwenye ngazi. Wazazi nao wakajiunga, wanapongeza, wanabishana, wanaulizia ada humo humo. Tulifika watu elfu moja na mia mbili.

Peji hiyo niliiendesha na mwalimu wa kompyuta. Ndiye Paras.

Paras alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa akikusikiliza, kama vile hapana mtu mwingine anayeongea duniani. Ukimaliza, anakaa kidogo ndiyo anajibu. Mimi mtoto wa Mtaa wa Sikukuu nimezoea watu wanaonikatiza kabla sijafungua mdomo. Kile kimya chake kifupi ndicho kilichonimaliza, sijui nimweleze nani anielewe.

Kwao ni Upanga, Wahindi wenye duka la vifaa vya umeme. Kwetu ni Kariakoo, mama anauza khanga, na Uislamu tumeukuta kwa babu wa babu. Kwa miguu ni mwendo wa robo saa tu, na hiyo robo saa ilitutoa jasho miaka miwili. Simu yangu, kaka yangu Mudi anaifungua kama yake. Simu ya Paras inasomwa na mama yake, Mama Shobhana, kila jioni mezani, wala haoni haya.

Tungeonana kazini, ndiyo, lakini chumba cha watu sitini utasema nini? Paras ndiye aliyevumbua njia. Peji ilikuwa na sehemu ya rasimu, pale unapoandika kitu ukakihifadhi kabla ya kukirusha. Neno la siri tunalo sisi wawili.

"Humu hapiti mtu," aliniambia, "ila mimi na wewe."

Tukawa tunaandikiana humo. Asubuhi kabla ya kengele naandika, saa nne ya chai anasoma na kujibu. Hatukuzifuta barua zetu. Nani afute maneno kama haya: "Leo nimekuja maktaba mara tatu kuulizia kamusi ile ile. Watoto wamenicheka. Waache wacheke. P."? Usiku nikikosa usingizi nilikuwa nayasema kimoyomoyo.

Na hayakuwa maneno ya hewani. Paras alikuwa tayari kusilimu, miezi minne anafundishwa na wazee wawili wa msikitini. Jumamosi ya wiki ile, siku aliyoitaja mwenyewe, angekuja na wazee hao na binamu yake Alpesh kuleta barua ya posa kwa mjomba wangu Mrisho. Mjomba alikuwa amekataa mara mbili, mama akamlilia mpaka akalainika. Maisha yangu yote yalikuwa yanaingoja Jumamosi hiyo.

Sasa Jumatano. Kitabu cha Wiki nilikuwa nimekiandaa, kipo kwenye rasimu. Juu yake kipo nilichomwandikia Paras asubuhi. Kidato cha pili wamejazana mlangoni wanapiga kelele, mwingine ananivuta ushungi ananiomba kalamu. Nikagusa cha juu, nikakirusha, simu ya maktaba nikaitia kwenye droo, nikaenda kugawa vitabu. Nilikaa saa nzima na nusu bila kuitazama.

Nilipoitazama, watu themanini na wanne walikuwa wameshaandika chini yake.

"Paras wangu," nilikuwa nimeandika, na sasa ilisomeka kwa jina la Maktaba, "Jumamosi naiona mbali kama Idi. Mama keshapaka chokaa uani. Usichelewe, mwenzio subira imeniisha. B."

Mzazi mmoja aliuliza, "Hiki ndicho Kitabu cha Wiki?" Mwingine akataka kujua kama kinaazimwa au kinasomwa hapo hapo. Nikakaa chini kati ya rafu za historia na jiografia. Nilifuta, lakini ya nini? Mtaa mzima umeshapiga picha.

Mwalimu Leodegar alikuja mwenyewe, hakugomba. Akanyoosha mkono, nikampa simu ya maktaba. Nilimtafuta Paras, nikaambiwa ametoka. Nilimpigia, hapokei. Jioni ndiyo ujumbe wake ukaingia kwenye simu yangu: "Usiseme kitu. Niachie mimi."

Wenzangu, nililala kwa hayo maneno mawili ya mwisho. Nilijua kesho tutasimama wawili, tutasemwa wawili, na Jumamosi itafika.

*

Alhamisi saa mbili niliitwa. Ofisini nilimkuta Mwalimu Leodegar mezani, na kwenye kiti cha wageni Mama Shobhana, maana alikuwa kwenye bodi ya shule. Paras alikuwa amesimama dirishani.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba," Mwalimu akaitikia. Mama Shobhana aliitikia pia, kwa mbali.

Paras hakugeuka.

"Kaa, Badria." Mwalimu alikuwa na rundo la karatasi mbele yake. "Jana nilimwomba Mwalimu Paras aingie kwenye peji anitolee kila kilichomo. Kaniletea hizi asubuhi. Ni rasimu thelathini na moja. Sitaki kuzisoma kwa sauti, zinanitia aibu mimi mwenyewe. Ni zako?"

Niliziangalia. Ndiyo, zangu. Nikashusha pumzi, na nusura nicheke. Afadhali, niliwaza, sasa yametoka hadharani, hakuna tena kujificha.

"Ni zangu, Mwalimu. Nilikosea kutumia kitu cha shule kwa mambo yetu, naomba radhi. Lakini si siri tena, mimi na Paras..."

Huku nasema nageuza karatasi. Yangu. Yangu. Yangu tena. Nikafika ya mwisho, nikarudi mwanzo nikidhani nimeruka.

"Za kwake ziko wapi?" nikauliza.

"Za nani?" Mama Shobhana akauliza.

"Za mwanao, mama. Tulikuwa tunajibizana. Zake hazipungui zangu. Paras, ziko wapi?"

Kimya. Lakini siyo kile kimya chake ninachokijua mimi.

"Mwalimu Paras," Mkuu akasema, "unaulizwa."

"Mimi nilikuta hizo tu, Mwalimu."

"Paras!"

"Nilizikuta siku nyingi," akaendelea, anaongea na kioo cha dirisha. "Nilinyamaza kwa kumheshimu. Nilidhani ataacha mwenyewe."

Loo! Nimewahi kuibiwa mchana kweupe Mtaa wa Kongo, nimewahi kuzika baba. Sikuwahi kusikia baridi ya namna ile mwilini. Aliniruka kimanga, mbele yangu, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Lakini mimi si mtu wa kuzimia. Nilizichambua zile karatasi nikachomoa moja, nikamwekea Mwalimu mbele.

"Nakuomba usome hii, Mwalimu. Soma unapoanza mstari wa pili."

Alivaa miwani. "'Umeniuliza kama mjomba anapenda maua. Hapendi, mletee tende.'"

"Na hii hapa."

"'Usijali ulivyokosea Alhamdu jana, hata mimi ilinichukua mwaka.'"

"Mwalimu, mtu anajibu swali asiloulizwa? Alhamdu nimejuaje kama kaikosea, nilikuwa nimejificha mvunguni kwake?"

Mwalimu Leodegar alivua miwani akamtazama Paras kwa muda mrefu. Nilimwona kabisa anaanza kunielewa. Moyo wangu ukanyanyuka. Ndipo Mama Shobhana alipoongea, taratibu, wala hakunifokea.

"Mwalimu, mtu akipenda peke yake, anajiuliza na kujijibu. Mimi mwanamke, najua. Namwonea huruma huyu binti." Akanigeukia. "Wewe una mama. Ungekuwa mwanangu ningekwambia hivi hivi. Na peji hii nilisema tangu mwanzo, simu na maktaba haviendi pamoja. Mkanicheka."

"Watoto wamekosa nini, mama?" nikamuuliza. "Mimi nimekosa, nifukuzeni mimi. Watoto wanasoma."

"Bodi itakaa," akasema.

Mwalimu akachukua kalamu. "Mwalimu Paras. Nakuuliza mara ya mwisho, na utakachosema nakiandika. Uliwahi kumjibu huyu binti, hata mara moja?"

Paras aligeuka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hakunitazama mimi, alimtazama mama yake. Nikamwona mtu mzima wa miaka thelathini anaomba ruhusa kwa macho, na mama yake akatazama chini, akajitengeneza pindo la sari.

"Hapana," akasema Paras.

Kalamu ikaandika.

*

Nilipewa mpaka saa tisa kukabidhi funguo. Nilikuwa napanga kadi za wasomaji kwenye boksi alipoingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Badria."

Nikaendelea kupanga kadi.

"Badria, nisikilize kwanza."

"Nimeshakusikiliza. Umeandikwa mpaka kwenye kumbukumbu za shule."

"Wangetufukuza wote wawili. Nilifikiri haraka haraka. Mmoja akibaki na kazi, atamshika mwenzie mkono. Mimi nitakutafutia kazi, nina watu. Baba kanipa maneno jana, hujui. Kasema nikitoka nitoke moja kwa moja, duka nisahau, nyumba nisahau."

"Ulizifuta saa ngapi?"

Akaokota kadi moja kwenye boksi, akaigeuza.

"Nakuuliza, Paras. Barua zako ulizifuta saa ngapi?"

"Jana. Saa saba."

Saa saba! Mimi saa saba nilikuwa bado nagawa vitabu, sijui lolote, nawachekea watoto. Yeye ameshaona, ameshaingia, anachagua. Hii ya Badria ibaki, hii yangu itoke. Hii ibaki, hii itoke. Mara thelathini na ngapi sijui, na hakuchoka.

"Ungefuta zote," nikasema. Sauti yangu niliisikia inapasuka. "Kwa nini hukufuta zote?"

"Wangekuta patupu wangejua kuna mtu amefuta. Wenye neno la siri ni sisi wawili tu. Ilibidi wakute kitu."

"Kwa hiyo ukanitoa mimi."

"Sikukutoa, nilikuwa..."

"Ukanitoa mimi, Paras! Kama sadaka ya njia panda! Mtaani wataniitaje? Mwanamke aliyemwandikia mwanaume barua thelathini na moja asijibiwe hata moja! Wewe unalijua hilo jina? Nitalivaa mpaka nazeeka!"

Alikuja karibu. Macho yake yalikuwa mekundu, na Mungu anisamehe, bado nilitaka kumfuta. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko ile ya peji. Mtu ameniuza asubuhi, na mchana natamani kumfuta machozi.

"Nakupenda," akasema. "Unajua nakupenda."

"Sijui. Nilikuwa nayo maandishi, umefuta."

"Badria, tafadhali..."

"Na Jumamosi?"

Akainamisha kichwa, vile vile ninavyopenda. "Jumamosi tuisogeze kidogo. Miezi sita, watu wasahau. Tutafungua peji nyingine, ya kwetu wenyewe, hakuna atakayeijua."

Nilichukua simu yangu mezani, nikatafuta jina la mama, nikapiga, nikamwekea mkononi.

"Mwambie mwenyewe."

Alitaka kunirudishia, lakini mama alishapokea. Sauti ya mama yangu, Bi Siti, husikika hata simu isipowekwa sikioni, kaizoea sokoni.

"Haloo? Badria?"

"Shi... shikamoo mama. Ni Paras."

"Marahaba mwanangu! Afadhali umepiga. Hayo ya Facebook nimeyasikia, watu hawaishi maneno, nawe usiyatie moyoni. Wamekuona unampenda mtu, wamekuona unaiba? Sasa niambie, Jumamosi mnakuja wangapi? Nataka nipike cha kuwatosha. Na mjomba wenu Mrisho jana kaanza tena, ooh, hatokuja huyo. Nimemuapia wallahi, kijana anakuja. Eti? Mnakuja wangapi?"

Nilimtazama Paras, na ninaapa, hata hapo nilikuwa bado nampa nafasi. Angesema "wanne, mama", ningeyameza yote. Kazi, jina, zile karatasi, ningeyameza kama maji.

"Haloo?" mama akasema. "Paras, baba, unanisikia?"

Dole gumba lake lilisogea taratibu, likabonyeza. Kisha akaiweka simu mezani kwa upole, pembeni ya boksi la kadi.

"Imekatika," akasema.

Niliona alivyoikata, naye alijua nimeona.

"Toka," nikamwambia. "Toka maktabani kwangu."

"Badria..."

"Mpaka saa tisa bado ni kwangu. Toka."

Alitoka. Aliufunga mlango polepole, kama anavyofanya siku zote asiwasumbue wanaosoma.

*

Nyumbani mama nilimkuta kwenye jamvi, anachambua mchele kwenye ungo.

"Simu ilikatika," akasema kabla sijavua viatu. "Hajaniambia wangapi."

"Hawaji, mama."

"Wamepata dharura?"

"Hawaji kabisa."

Mikono yake ilisimama juu ya mchele. Nilikaa chini nikamweleza yote, neno kwa neno, mpaka ile "hapana" na kalamu ilivyoandika. Nilitegemea atalia, au atamlaani, au atanipiga kofi, chochote. Mama hakufanya hata kimoja. Alichambua chuya mbili tatu akazitupa.

"Nimekula kiapo," akasema mwisho. "Nimetaja jina la Mungu mbele ya mjomba wako kwamba anakuja."

"Hukujua, mama."

"Kiapo ni kiapo. Kafara yake ni kulisha masikini kumi." Akautikisa ungo, akaupuliza. "Chakula kipo. Usimwambie Mudi akafanye fujo kwa watu. Lete sufuria kubwa tupime."

Jumamosi saa saba mchana, baada ya adhuhuri, walikuja. Mama aliwaita msikitini mwenyewe, wazee wanaoomba ngazini na mama mmoja kipofu aliyeshikwa mkono na mwenzie. Waliketi uani kwenye mikeka mipya. Mjomba Mrisho alikuwepo, kavaa kanzu, hakusema neno kwangu wala kwa mama, na nadhani hiyo ndiyo huruma aliyoiweza. Mimi nilizunguka na birika na beseni nawanawisha, mmoja mmoja, kisha nikaleta sinia za pilau.

Mzee mmoja mwenye kofia ya viua alishika tonge, akasita, akamtazama mama. Hakutaka kula chakula cha watu bila kuwaombea.

"Bibi, hii ni hitima ya nani?" akauliza. "Tutajie jina la marehemu tumsomee."

"Hakuna aliyekufa, baba," mama akamjibu. "Kuleni."